Kiungo ni Shwari

Barabara yenyewe ilikuwa fupi mpaka ukiitaja unaona haya. Ilichomoka kwenye barabara kuu ya juu, ile inayowaleta watu wa vitongojini, ikainuka kidogo juu ya nguzo zake, ikapinda mara moja, kisha ikateremka na kumwagikia barabara kuu ya chini, ile iendayo mjini. Basi, imekwisha. Dereva akipiga chafya mwanzoni, akifumbua macho yuko mwisho. Wakubwa walioijenga waliipa jina refu la heshima na kulisimamishia bango, lakini watu wa jiji hawana muda wa jina refu kwa barabara fupi. Walisema Kiungo, na Kiungo kikabaki kuwa Kiungo.

Ila usikidharau, maana udogo si hoja. Siku Kiungo kikikwama, jiji lote linakwama nacho. Wa juu hawashuki, wa chini hawapandi, na kila mtu anafika kazini na uongo wake mpya.

Kila asubuhi, mwanamke mmoja alisoma hali ya barabara redioni, na kila asubuhi alimalizia maneno yaleyale: "Na Kiungo, wapenzi wasikilizaji, Kiungo ni shwari." Hilo neno la mwisho alilitamka taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka bila kumwamsha. Watu wakalizoea. Wengine hata njia ya Kiungo hawapiti, lakini kutoka nyumbani bila kulisikia hawawezi. Wakamwita Bi Shwari, na hata walinzi wa pale redioni wakasahau kwamba alikuwa na jina lingine.

Sasa nikuambie ambalo wasikilizaji hawakulijua. Bi Shwari aliposema Kiungo ni shwari, hakuwa akiangalia barabara hata kidogo.

Chumba chake cha kazi kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa sponji ili sauti isitoroke, na mbele yake palikuwa na runinga zilizoonyesha picha za kamera za barabarani. Picha hizo hazina sauti. Magari yanapita kimya, mvua inanyesha kimya, mtu anamgombeza mwenzake kwa mikono yote miwili na husikii neno. Ukikaa nazo muda mrefu unaanza kujiona kama uko usingizini, unaota jiji la watu wengine. Na kamera ya Kiungo ilifungwa upande. Fundi aliyeifunga sijui alikuwa na haraka ya kwenda wapi. Badala ya kuonyesha lami peke yake, ilichukua na ubavu wa jengo moja kuukuu la ghorofa lililosimama karibu na pindo, pale Kiungo kinapokata kona, na kwenye ubavu huo roshani moja yenye mlango wa buluu, makopo ya maua, na kigoda. Wenye kamera waliahidi kuja kuinyoosha. Bi Shwari alimwomba Mungu wasije.

Ile roshani ilikuwa ya mama yake mzazi.

Walikosana kwa ajili ya Kiungo hichohicho. Baba yake alipozidiwa, mama alipiga simu asubuhi, saa za kazi. "Mwanangu, njoo sasa hivi. Baba yako anakuulizia." Naye akajibu, "Nakuja, mama, namalizia tu habari za barabara." Akamalizia. Akawaelekeza watu wa jiji zima wapite huku, waepuke kule, kisha akapanda teksi. Kiungo siku hiyo kilikuwa kimefunga. Teksi ikasimama palepale kwenye pindo, na yeye ndani yake anaiona roshani ya kwao, anauona mlango wa buluu, analiona mpaka shati la baba yake lililoanikwa. Alikaa akiliangalia lile shati likipepea. Juu ya Kiungo hakuna njia ya waenda kwa miguu, na kwa jinsi alivyochanganyikiwa haikumjia kabisa akilini kwamba mtu anaweza kufungua mlango wa gari na kutembea. Alipofika nyumbani alipokewa na vilio.

Baada ya mazishi, mbele ya ndugu wote, mama alimwambia bila kupandisha sauti: "Umeyafikisha magari ya watu wote, mwanangu. Wewe mwenyewe hukufika. Basi usikanyage hapa mpaka nikuite."

Na mama yule, neno lake likishatoka, halirudi kinywani. Bi Shwari alipiga simu, mama akapokea, akamsikia, akakata. Akapiga tena, ikawa vilevile. Mwishowe akaacha. Miaka ikaenda. Kila asubuhi aliketi mbele ya ile runinga na kusubiri mlango wa buluu ufunguliwe. Ukifunguliwa, mama akatoka na kijiredio chake na kukaa kwenye kigoda, roho ya mtoto inatua. Mama ameamka, mama mzima. Kiungo ni shwari. Siku mlango ukichelewa, Bi Shwari alisema, "Kiungo, tutawaletea habari zake," akazungusha maneno huku na huku mpaka aone buluu inasogea. Barabara ilikuwa na bahati yake tu. Ilikuwa ikinyooka siku nyingi, basi hakuna aliyemshtukia.

Aliyejua ni mmoja, fundi mitambo, aliyekaa upande wa pili wa kioo na vifungo vyake. Alijua kwa sababu aliwahi kumkuta analia mbele ya picha ya barabara isiyo na ajali, akamuuliza, naye akaambiwa. Hakuuliza tena.

Wiki ile, mkuu wa vipindi aliingia na tabasamu, na ukimwona bosi anatabasamu asubuhi, shika roho yako. "Dada, si kwamba hatukupendi," alisema. "Ila kuanzia Jumatatu habari za barabara zitasomwa na kompyuta. Ina sauti nzuri, haikohoi, haiombi ruhusa. Wewe tunakuhamishia kipindi cha mapishi, chumba cha juu."

Kipindi cha mapishi! Yeye ambaye hata chai ilikuwa inamuungulia.

"Na hizi runinga?" akauliza.

"Zinaondolewa. Kompyuta haihitaji kuona."

Alipotoka, fundi mitambo alivua vipokea sauti vyake na kumkazia macho kupitia kioo. "Dada, nenda kwa mama. Leo hii."

"Amesema mpaka aniite."

"Na asipoita?"

"Nitaendelea kumwangalia."

"Kuanzia Jumatatu utamwangalia kwa kitu gani?"

Alirudi kwake akalala na swali hilo, akaamka nalo.

Ijumaa, siku yake ya mwisho, ukungu ulikuwa umetanda. Kwenye runinga nguzo za Kiungo hazikuonekana miguu, na ile barabara ikawa imekaa hewani peke yake. Magari yalipita na taa zao kwa ustaarabu usio wa kawaida. Bi Shwari aliketi, akavuta maikrofoni, akatazama pembeni mwa picha. Mlango wa buluu ulikuwa umefungwa.

Alisoma barabara zote. Alipofika kwa Kiungo akasema, "Kiungo, tutarudi kwenu." Ukapigwa wimbo. Akasoma tena, mlango bado. "Kiungo... tutarudi." Wimbo mwingine. Mama hajawahi kuchelewa hivi. Mama huamka kabla ya jua, huamka hata siku ambayo hana la kufanya, ili apate nafasi nzuri ya kutolifanya. Akawaza yote ambayo mtoto aliye mbali na mzazi huwaza, na kila aliloliwaza lilikuwa baya kuliko lililotangulia. Nimekaa hapa, akajiambia, nimekaa tena mbele ya picha, kama siku ile ndani ya teksi.

Fundi mitambo akainua kidole kumpa ishara kwamba yuko hewani.

Na hapo buluu ikasogea. Mlango ulifunguka kidogo, ukasita, ukafunguka wote. Mama akatoka amejitanda blanketi, anashikilia ukuta. Akakitafuta kigoda kwa mkono, akakaa. Akaweka kijiredio mapajani.

"Na Kiungo!" Bi Shwari alipaza sauti mpaka fundi akaruka. "Kiungo, wapenzi wasikilizaji, ni shwari! Shwari kuliko siku zote! Piteni Kiungo!"

Jamani. Laiti angeshusha macho inchi moja tu.

Maana chini ya roshani hiyohiyo, kwenye picha hiyohiyo, lori lilikuwa limesimama kukingama njia. Lori la sufi ya kujazia magodoro. Kamba zake zilikatika kwenye pindo, mafurushi yakaanguka na kupasuka, na sufi yote ikatoka kutembea. Hakuna aliyeumia, lakini hakuna aliyepita pia. Na jiji zima, kwa kuwa lilimwamini Bi Shwari, lilikata kona na kuingia Kiungo.

Fundi mitambo alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Bi Shwari akashusha macho, ndipo akaona. Sufi ilikuwa inapanda polepole kutoka kwenye lami, ukungu unaipokea, huwezi kujua kipi ni kipi. Magari yalijipanga mstari mmoja marefu kwa mafupi, yakawa meupe. Watu walifungua milango wakashuka, wakasimama wameduwaa na mikono imenyooshwa. Yote hayo bila sauti. Palikuwa pazuri, Mungu amsamehe, palikuwa pazuri sana.

Mama naye aliliona. Alisimama, akashika chuma cha roshani, akainama kutazama chini. Mabega yakaanza kumtikisika. Anakohoa? Hapana, alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pembe ya blanketi. Kisha akafanya jambo ambalo miaka yote hiyo hajawahi kulifanya. Aliinua uso, akaupitisha juu ya magari, juu ya lori, mpaka kwenye mlingoti wa kamera, akatulia hapo. Akawa anamtazama Bi Shwari machoni. Akanyoosha mkono, kiganja kikiangalia chini, akakunja vidole mara mbili.

Njoo.

"Fundi," Bi Shwari alinong'ona, "unaona?"

"Naona."

"Anamwita nani?"

"Mimi sina mama pale," fundi mitambo alisema.

Mlango wa studio ukafunguliwa kwa kishindo, mkuu wa vipindi akaingia hana hata tabasamu la kukopesha. "Umewaambia watu shwari! Simu hazipumui huko nje! Hebu toa taarifa ya kueleweka, halafu umalizie barabara zote, kisha tuzungumze!"

Namalizia tu habari za barabara. Aliyasikia maneno hayo tena, safari hii kwa sauti yake mwenyewe ya zamani. Akavuta maikrofoni.

"Wasikilizaji wangu, nimekosea. Kiungo si shwari, kimefunga, na mimi ndiye niliyewaingiza. Sikuwa naangalia barabara. Naombeni radhi, na mlionaswa humo, nakuja hukohuko." Akavua vipokea sauti, akaviweka juu ya meza.

"Na barabara zilizobaki atasoma nani?" bosi akafoka.

"Yeyote," alisema, na alikuwa ameshachukua mkoba. "Zinasomeka."

Pikipiki ilimfikisha mwanzo wa Kiungo ikashindwa kuendelea. Akashuka. Safari hii alikumbuka kwamba ana miguu. Alivua viatu, akavishika mkononi, akaanza kutembea katikati ya magari juu ya ile barabara ambayo hakuna anayetembea. Lami ilikuwa laini chini ya nyayo kwa ile sufi. Injini zilikuwa zimezimwa. Honi zilikuwa zinalia mwanzoni, lakini hata mwenye hasira huchoka kupigia honi kitu chepesi hivyo, zikanyamaza moja moja. Watu wote walikuwa wamezeeka ghafla: vichwa vyeupe, kope nyeupe, hata kijana mmoja mwenye sare ya kazi alikuwa na ndevu za babu yake. Mwanamke alikuwa ameketi juu ya boneti anachambua sufi kwenye nywele za mumewe, hawasemezani, na wala hawakuonekana kutaka kusemezana. Bi Shwari alipita katikati yao kama mtu anayepita ndani ya ndoto ya mwenzake, anaogopa kumwamsha.

Dereva mmoja wa teksi alichungulia dirishani. "Samahani, dada, wewe si yule wa redio? Maana umesema unakuja huku, nami nakusikia unavyohema."

"Ndiye mimi, kaka."

"Ndiyo shwari yenyewe hii?"

"Nisamehe, kaka yangu."

Dereva alitazama huku na huku, akapuliza sufi iliyotua kwenye usukani. "Mimi ningekuwa nakimbizana na abiria saa hizi," alisema. "Haya, pita. Unaonekana una haraka."

Kwenye pindo alisimama kidogo tu. Ilikuwa palepale. Hapa ndipo teksi ilipokaa, na kule ndiko shati lilikopepea. Roshani ilikuwa tupu, mlango wa buluu uko wazi. Akapiga moyo konde, akashuka Kiungo mpaka mwisho, akazunguka nyuma ya jengo, akapanda ngazi ambazo miguu yake ilizijua kuliko yeye.

Mlango wa mbele nao ulikuwa wazi. Akasimama kizingitini na viatu mkononi, mweupe kuanzia utosini mpaka miguuni, asijue aingie au apige hodi. Mama alikuwa kwenye kochi, blanketi mabegani, kijiredio pembeni. Alikuwa amekonda. Kwenye runinga hakuonekana amekonda hivi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa unasimama hapo unanitilia sufi ndani. Ingia."

Akaingia. Akapiga magoti mbele ya kochi, akaweka kichwa mapajani kwa mama yake, na maneno yote aliyokuwa ameyapanga miaka na miaka yakamtoroka. Alilia tu. Mama alianza kumchambua sufi kichwani, kipande kwa kipande, bila haraka.

"Unaumwa," mtoto alisema alipoweza kusema.

"Homa. Tangu jana. Asubuhi miguu ilikataa kabisa. Nimelala pale nakusikia unababaika redioni, tutarudi, tutarudi. Nikasema masikini, mtoto wa watu leo hana la kusema. Nikajikokota nikafungue."

Bi Shwari aliinua kichwa. "Mama. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua zamani. Siku moja nilichelewa kufungua, nikasikia Kiungo hakijulikani kiko vipi. Nikafungua, hapohapo kikawa shwari. Kesho yake nikajaribu tena kwa makusudi, ikawa vilevile. Nikasema eeh! Huyu haangalii barabara, ananiangalia mimi." Alitabasamu kwa ncha ya mdomo. "Kuna siku mvua ilikuwa inanyesha mpaka ndani, magari yameelea huko chini, na wewe unasema shwari. Nikaona aibu kwa niaba yako."

"Na hukuniita!" Lilimtoka kwa uchungu, kama mtoto mdogo. "Miaka yote, mama! Ulisema nisikanyage mpaka uniite, nami nikangoja. Nimengoja kila siku. Hukuniita!"

Mama aliacha kuchambua sufi.

"Mimi?" alisema. "Mimi ambaye hata kuwe na baridi ya kuua mtu lazima niufungue ule mlango? Mimi naumwa mgongo, vumbi la magari linanijaa kifuani, daktari ananikataza kukaa pale. Nilikuwa namfungulia nani, mwanangu? Nilikuwa nafungulia upepo?"

Bi Shwari aligeuka kuutazama mlango wa buluu.

"Nilikasirika, ndiyo. Nilikasirika mwaka, labda na nusu yake. Halafu nikachoka. Mtoto akikunyea kiganja hukikati, unakiosha. Nikawa naufungua mlango kila siku nakuita, na kila siku unanijibu shwari, halafu huji." Alilivuta blanketi mabegani. "Leo nikasema labda mkono ataelewa."

Walikaa hivyo. Huko nje sufi iliendelea kuingia kupitia mlango wa buluu, ikitua juu ya meza, juu ya picha ya baba ukutani. Baada ya muda mama alitaka hewa. Mtoto akamshika kiunoni, wakatoka pamoja kwenye roshani, akamkalisha kwenye kigoda, naye akasimama nyuma yake ameweka mikono mabegani mwake. Chini yao Kiungo kilikuwa kimejaa magari kutoka mwanzo mpaka mwisho, hakuna gurudumu linalozunguka. Ndani, kijiredio kilikuwa bado kinaongea. Ilikuwa sauti ya fundi mitambo, anasoma barabara kwa woga kama mtu anayesoma barua ya posa. Alikosea majina, akayarudia, akakohoa. Alipofika mwisho akanyamaza muda mrefu, mpaka wakadhani redio imekufa.

"Na Kiungo," fundi mitambo akasema, "Kiungo, wasikilizaji... Kiungo ni shwari."

Chini pale honi zote zikalia kwa pamoja. Mama akacheka mpaka akakohoa, akaushika mkono wa mwanawe begani asiuachie.

"Na huyo naye," alisema, "haangalii barabara."